Mpiga Kinanda Aliyempoteza Mkewe Wimboni

Otha Pettway alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mpaka aketi kwenye kinanda. Siku tano za juma alikuwa kiwandani hapo Toledo, idara ya vioo vya magari, glavu nene mikononi, na hakuna aliyemgeuzia shingo. Jumapili ilipofika alivaa suti yake ya kahawia, akaingia Kanisa la Baptisti la Mlima Pisga, akabadili viatu vyake na kuvaa vile vyembamba vya kukanyagia vibao vya besi chini ya kinanda, na hapo hata watoto waliacha kutafuna peremende. Mchungaji Gaither alikuwa akisema, kwa utani ambao haukuwa utani sana, kwamba nusu ya washirika wanakuja kwa ajili ya Bwana na nusu nyingine wanakuja kwa ajili ya Pettway.

Kilichowaleta ni kodi zake. Ndivyo wapiga kinanda wanavyoziita zile sauti tatu au nne zinazobonyezwa kwa pamoja chini ya wimbo. Nyimbo nyingi za kanisani zinatosheka na kodi tatu tu; mtu mwenye mikono miwili na subira ya mwezi mmoja anaziweza. Otha alizijua akiwa na miaka saba, kule Alabama, kwenye kinanda cha kukanyagia upepo ambacho ndani yake panya walikuwa wamezaa. Alipohamia kaskazini alikutana na mzee mmoja aliyekuwa akipiga piano vilabuni, naye akamfunulia jambo. Pale wimbo unapotarajia kodi fulani, unaweza kuiondoa ukaweka nyingine iliyo jamaa yake, inayoshiriki nayo noti moja au mbili. Mwimbaji habadili kitu. Anaimba noti ile ile aliyoimba bibi yake. Lakini kwa kuwa kilichoko chini yake kimebadilika, noti ile inageuka sura, na iliyokuwa ya furaha unaikuta imeingia huzuni.

Otha alirukwa na akili, hakuna namna nyingine ya kusema. Alibadilisha kodi za nyimbo za shule ya Jumapili. Alibadilisha kodi za wimbo wa siku ya kuzaliwa, mpaka binti yake Renetta, siku anatimiza miaka sita, mishumaa ikamyeyukia juu ya keki huku akisubiri baba yake amalize kuzunguka. Na kwa kweli vilikuwa vitu vizuri. Wimbo ambao watu waliuimba miaka hamsini bila kuusikia, yeye aliubadilishia kodi mbili tu na wazee wazima wakatoa vitambaa mfukoni. Mtu mwenye kipawa cha namna hiyo ni vigumu kumwambia aache.

Mkewe, Verlene, ndiye pekee aliyejaribu. Verlene alikuwa na sauti moja iliyonyooka, isiyo na madoido, na wimbo wake alioupenda kuliko zote haukuwa kwenye kitabu chochote. Aliurithi kwa bibi yake, nao ulianza hivi: *Kisimani nilikuta maji, wala sikuwa na ndoo.* Mistari minne, kodi tatu, basi.

"Otha," alimwambia mara nyingi jikoni, akichambua mboga, "mimi nipigie kavu."

"Kavu vipi tena?"

"Kavu hivyo hivyo. Kodi zako tatu. Nikiimba nataka kuimba, sitaki kuanza kukutafuta uko wapi."

"Kodi tatu za watoto hizo, mpenzi."

"Basi mimi ni mtoto. Nipigie kitoto."

Otha alicheka, akambusu shingoni, na Jumapili ikifika akapiga alivyotaka yeye. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba anampamba mkewe. Verlene naye alimzoea, akajifunza kuushikilia wimbo wake kwa nguvu huku mambo yakigeuka chini yake, ila alikuwa akirudi kwenye kiti amelowa jasho mgongoni, na wimbo wenyewe haukuwa hata wa kurusha mikono.

Sasa ije Jumapili ile ya Oktoba, mwaka wa sitini na nane. Yalikuwa maadhimisho ya kwaya, ibada ya saa tisa alasiri, baada ya watu kushiba kuku na mkate wa mahindi kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Siku kama hizo wapiga kinanda wa makanisa mengine huja na kukaa benchi la nyuma ya kinanda. Wenyewe wanasema wamekuja kusalimu. Ukweli ni kwamba wamekuja kutazama mikono. Siku hiyo alikuwepo Clyde Merriweather, aliyetoka Detroit na wenzake wawili, na kila mpiga kinanda kati ya Detroit na Cleveland alikuwa akilitaja jina la Merriweather kwa sauti ya chini. Otha alimwona akiingia. Akaivuta juu kidogo mikono ya suti yake.

Verlene akasimama na gauni lake la bluu. Kanisani kwao mwimbaji hatangazi anaanzia wapi; anafungua mdomo tu, na ni kazi ya mpiga kinanda kumfuata na kumkuta alipo. Otha alimkuta kabla hajamaliza neno la kwanza. Mstari wa pili akabadilisha kodi moja, na nyuma yake akasikia mtu akiguna, "Hm!" Mguno huo wa mtu wa kazi una utamu wake. Akabadilisha nyingine. Benchi likalia, Merriweather amesogea mbele ili aone vizuri.

Mwisho wa ubeti wa pili pana noti moja ndefu. Verlene akaishika. Na chini ya noti ile moja Otha akateremsha kodi nne mfululizo, kila moja ikienda mbali zaidi na nyumbani, na ya nne ilikuwa kitu ambacho hata yeye hakuwahi kukisikia kabla ya dakika ile. Verlene hakuwa amekosea. Noti yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini kinanda kizima kilikuwa kinamwambia kwamba amekosea, na kinanda kilikuwa mikononi mwa mume wake, basi akakiamini kuliko alivyojiamini. Akasogeza sauti yake kufuata. Alipofika huko, Otha alikuwa ameshaondoka na kurudi.

Verlene akanyamaza. Akaanza tena, akaanguka nje ya wimbo. Akaanza mara ya tatu, na safari hii hata yeye alijisikia, akaacha katikati ya neno.

Mwimbaji akiwa juu, watu wa Mlima Pisga humpigia kelele: "Imba! Imba, dada!" Akizama wana maneno mengine, nayo husemwa kwa upole, na hakuna mwimbaji anayetaka kuambiwa. Kutoka kwenye benchi la akina mama wa kanisa, waliovaa meupe, Mama Ozella alianza: "Msaidie, Bwana." Mwingine akaitikia, "Chukua muda wako, binti." Halafu kanisa zima likawa linamhurumia, watu mia tatu, kwa sauti za wauguzi. Verlene aliushusha mkono aliokuwa ameuinua kwenye ile noti ndefu, akaenda kuketi. Na nyuma ya kinanda Merriweather akanong'ona, "Wewe bwana! Ile ya nne umeitoa wapi?"

Otha akatabasamu. Hakukusudia, lilimtoka tu. Alipoinua macho, Verlene alikuwa anamtazama.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Ndani ya gari Verlene aliongea habari ya kuku kwamba alikosa chumvi. Juma lililofuata alirudisha joho la kwaya, akajiunga na wahudumu wa mlangoni, wale wanaovaa glavu nyeupe na kuwaongoza watu kwenye viti. Mhudumu akiwa zamu haimbi. Anasimama wima, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Verlene alisimama hivyo miaka ishirini na mitatu. Watu walipomuuliza Otha, alisema, "Verlene kapenda mlango." Alisema hivyo mara nyingi hadi karibu akaamini.

Siku moja tu, katikati ya miaka hiyo, umeme ulikatika kiwandani akarudi nyumbani mapema. Akasikia mtu anaimba uani. Alikuwa Verlene anaanika mashuka, na sauti ilikuwa ile ile iliyonyooka, imekomaa kidogo. Otha alisimama nyuma ya mlango wa wavu. Alitaka kusema neno moja, nisamehe, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Mlango ukalia. Verlene akageuka, akamwona, akachukua kibanio cha nguo akakiuma kwa meno, akainama kuchukua shuka lingine.

"Leo tunakula nini?" Otha akauliza. Mwanamume mzima, hilo ndilo alilopata.

"Maharage," Verlene akasema kwa upande wa mdomo.

Mwaka wa tisini na moja, mwezi wa pili, Otha ameshastaafu, kiharusi kikampiga Verlene akiwa anafunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakaondoka yote isipokuwa "ndiyo." Ukimuuliza ana njaa, ndiyo. Hana njaa? Ndiyo. Alikuwa akijisikia anavyosema, na machozi yalimtoka kwa hasira, kwa sababu akili yake ilikuwa nzima na kila neno alilijua isipokuwa namna ya kulitoa.

Akatumwa mwalimu wa kuwafundisha kusema watu wa namna hiyo, mama mmoja wa Kipolandi, Bi Kowalczyk, mfupi, mwenye mkoba mkubwa. Aliketi kando ya kitanda na kuanza kumgonga Verlene taratibu kwenye mkono wa kushoto. "Alikuwa anaimba huyu?" akauliza.

Otha akatazama dirishani. Renetta ndiye aliyejibu: "Zamani. Mimi nikiwa mdogo."

"Wimbo gani?"

Renetta akaanza kuuvumisha kwa pua, vibaya, maana sauti hakurithi. Na Verlene, ambaye kwa wiki tano hakuwa ametamka kitu ila ndiyo, akafungua upande mmoja wa mdomo: *Kisimani nilikuta maji.* Maneno yote matatu, yamenyooka. Renetta aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

"Inatokea," alisema Bi Kowalczyk. "Kuongea kunakaa mahali pengine kichwani, kuimba mahali pengine. Maneno yake atayapata kwa kupitia wimbo. Lakini inatakiwa kila siku, na inatakiwa awepo mtu wa kumshikia wimbo usikatike. Nyumba hii mna piano?"

"Mimi ni mpiga kinanda," Otha akasema.

"Jamani! Basi una bahati wewe mama, kuliko wagonjwa wangu wote."

Verlene akamtazama mumewe. "Ndiyo," akasema.

Kesho yake asubuhi Otha alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi sebuleni, akaketi kwenye piano, akaanza. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili, kidole chake kidogo cha kulia kikashuka mahali pake pa siku zote, kodi ikageuka, na Verlene akakatika. Alikodoa macho kama mtu aliyekosa ngazi gizani. "Pole," Otha akasema, "pole, tuanze tena." Wakaanza tena. Vidole vikaenda kule kule. Mara ya sita Verlene aliweka mkono wake mzima usoni, na Otha akafunga piano.

Hapo ndipo alipogundua jambo lililomtia hofu kuliko kiharusi chenyewe. Kupiga kavu alikuwa hajui tena. Miaka arobaini alizifukuza zile kodi tatu popote alipozikuta, na sasa alipozihitaji hazikuja. Mikono ilikuwa imejifunza kukwepa, na haikuwa inamsikiliza.

Akawa anakwenda kanisani siku za kazi, saa nne asubuhi, kufanya mazoezi kama mtoto. Kodi ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya tatu. Mama Ozella alikuwa pale mbele akifuta vile vikombe vidogo vya meza ya Bwana.

"Ndugu Pettway, kinanda kimeharibika?"

"Hapana, Mama. Nimeharibika mimi."

"Rudia ule mstari wa tatu. Umetia kitu pale."

"Sijatia kitu."

"Umetia. Nina miaka themanini na mbili, magoti yamekufa lakini masikio haya ni mazima. Toa hicho ulichotia."

Akarudia. "Bado," akasema Mama Ozella bila kuinua uso. "Unaupaka mafuta huo wimbo. Nani kakwambia mkavu?"

Mwishowe Otha alichukua plasta, akakifunga kidole kidogo pamoja na cha pembeni yake ili kisifike kule kilikozoea. Jumapili vijana wa kwaya walimwona na ile plasta wakamtania kwamba mzee amepigwa na mama, naye akacheka pamoja nao, lakini hakuifungua. Wiki tatu ziliisha hivyo. Siku ya Jumatatu alimsukuma tena Verlene sebuleni, akapiga kodi tatu, kavu, kitoto, na Verlene akaimba ubeti wa kwanza na wa pili na wa tatu hadi mwisho. Otha hakugeuka kumwangalia, kwa sababu alikuwa analia na aliogopa mikono itaharibu.

Bi Kowalczyk akawafundisha hatua iliyofuata: kuutoa wimbo maneno yake na kutia ya Verlene mwenyewe. *Nipe maji yangu, Otha.* *Funga dirisha, kuna baridi.* *Renetta amekonda huyo.* Aliweza kusema karibu chochote, mradi piano iko chini yake. Piano ikinyamaza, hata katikati ya neno, mdomo ulifunga pale pale na ilibaki ndiyo. Siku moja Otha alipiga chafya na Verlene akabaki na nusu ya jina la chakula, wakacheka wote wawili, yeye kwa upande mmoja wa uso.

Walikuwa wanafurahi, nadhani ni haki kusema hivyo. Lakini Otha alikuwa na jambo lake. Tangu siku ile ya kibanio alikuwa akingoja neno kutoka kwake, na sasa mlango ulikuwa umefunguka na daktari alikuwa ameshamwambia Renetta kwenye ukumbi wa hospitali kwamba moyo wa mama yake umechoka. Hazikuwa zimebaki hata wiki sita. Otha alitaka kusikia kwamba amesamehewa. Alitaka kulisikia kwa masikio yake, kwa sauti ile, kabla haijaondoka.

Ilikuwa alasiri moja ya Aprili, Renetta yuko kazini, jua limeingia hadi kwenye zulia. Walikuwa wameshamaliza mazoezi ya siku. Otha hakuondoa mikono. Aliendelea kuzungusha zile kodi tatu polepole, akasema bila kugeuka: "Verlene. Ile Jumapili ya maadhimisho. Nimekuwa nayo muda wote huu. Nilikukosea, na najua nilikukosea. Unaweza kunisamehe?"

Akapiga mzunguko mmoja mtupu. Akapiga wa pili. Halafu sauti ikaja nyuma ya bega lake, juu ya mstari wa kwanza.

*Nilitaka kuimba, Otha.*

 Kodi ya pili.

*Nilitaka kuimba tu.*

Otha alitaka kuacha. Angetoa mikono juu ya piano, basi, yangeishia hapo. Mdomo wa Verlene ungefungwa na nyumba ingetulia, na hakuna mtu duniani angejua. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Alikwisha kumnyamazisha mara moja mbele ya watu mia tatu, na kumnyamazisha tena kulihitaji tu kuinua viganja. Akabonyeza kodi ya tatu, pale pale inapotakiwa kuwa.

*Ukaniacha peke yangu,*

*wakanionea huruma.*

Ulikuwa mwisho wa ubeti. Otha akarudi kwenye kodi ya kwanza, akaishikilia, machozi yakimdondokea kwenye mikono na kwenye plasta. Hakuongeza kitu. Hakukuwa na kitu cha kuongeza. Alimsikia nyuma yake akivuta pumzi, ndefu, ya mtu mwenye beti nyingi bado, akampa noti yake ya kuanzia, na Verlene akaendelea.